Simulizi ni nini, na inafanya kazi gani kazini na mtaani

Simulizi ni maelezo ya jambo lililomtokea mtu, yaliyopangwa ili msikilizaji aone mtu huyo alitaka nini, nini kilimzuia, akaamua kufanya nini, na mwisho wake ukawaje. Kiini chake ni uamuzi. Ukiuondoa uamuzi, inabaki taarifa: majina, tarehe, idadi. Taarifa tunaihitaji, lakini haikai kichwani kwa muda mrefu.

Chukua habari za Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ambazo watoto wengi wa Iringa huzisikia nyumbani kabla ya kuzikuta darasani. Taarifa inasema hivi: Agosti 1891 Wahehe waliwashinda Wajerumani pale Lugalo, Oktoba 1894 ngome ya Kalenga ikaanguka, Julai 1898 Mkwawa akafa. Mwanafunzi anakariri, anafanya mtihani, yanamtoka.

Msimuliaji naye anashika palepale penye uzito. Wajerumani wamerudi na mizinga, ngome ya mawe imevunjwa, na mtawala ana njia mbili: asalimu amri au aingie porini. Akaingia porini. Kwa karibu miaka minne alipigana akihamahama, huku watu wake wakimficha na kumlisha, na maadui walipomkaribia akajipiga risasi ili wasimkamate akiwa hai. Matukio ni yaleyale, ila sasa msikilizaji anajiuliza: ningekuwa mimi, ningefanyaje? Swali hilo ndilo linaloifanya habari ikae.

Na ilikaa kweli. Kichwa chake kilichukuliwa, na Mkataba wa Versailles wa 1919, katika ibara ya 246, ukaitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa Waingereza. Lilirudishwa Uhehe mwaka 1954, na hadi leo liko katika makumbusho ya Kalenga. Sidhani kama fuvu la mtu mmoja lingeingia kwenye mkataba wa kumaliza vita ya dunia kama watu wake wangekuwa wameacha kumsimulia.

Tuje kwenye ajira, maana huku ndiko vijana wetu wengi wanakopoteza nafasi walizostahili. Kwenye usaili mtu anaambiwa, "Jieleze kwa ufupi." Anajibu kwamba ni mchapakazi, mwaminifu, anajituma, na anaweza kufanya kazi na watu wa aina zote. Hayo hata aliyetoka kabla yake ameyasema. Wasaili hawana cha kushika.

Sasa mfikirie dada aliyewahi kuuza kwenye duka la pembejeo Tukuyu. Anaanza, "Msimu wa kupanda, lori lililobeba mbolea yetu liliharibika Makambako. Wakulima walikuwa wameshalipa na mvua imeshaanza. Bosi alikuwa safarini. Niliona wakija wakakuta stoo tupu watadhani wametapeliwa, kwa hiyo nikapiga simu kwa mmoja mmoja kabla hawajaja, nikawaeleza ukweli. Wawili walitaka hela yao, nikampigia bosi akaniruhusu, nikawarudishia siku hiyohiyo. Waliobaki walingoja, na msimu uliofuata walirudi kununua kwetu." Hajajisifu hata mara moja, na neno uaminifu hajalitaja. Lakini kila aliyekaa mbele yake ameuona. Maelezo yote yanachukua kama dakika moja, na mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi, hata ya kusaidia kwenye genge la shangazi, ana kisa cha namna hiyo. Kinachokosekana ni kukaa chini kabla ya usaili na kukitafuta.

Sokoni jambo hili halina haja ya kufundishwa. Simama kwa mama anayeuza viazi Mbeya uulize bei. Bei atakutajia, kisha ataendelea: "Hivi ni vya Uporoto mwanangu, vimechimbwa jana. Yule kaka wa chipsi pale juu alijaribu vya bei ya chini, vikamnywea mafuta, karudi kwangu." Kwa maneno hayo machache umeshampata mtu, shida yake, alichoamua na kilichotokea.

Nyumbani nako ni hivyohivyo. Mtoto anayeambiwa tu "usicheze na moto" hasikii kama yule ambaye bibi alimsimulia jiko walilokuwa wakiota msimu wa baridi lilivyopinduka, nani aliungua, na nani alikimbilia maji. Wazee walilijua hili, ndiyo maana walisimulia kwanza na kuonya baadaye.

Nguvu hii hutumika pia kuumiza watu. Huku kwetu parachichi limewainua wakulima wa Njombe na Rungwe, na nyuma yao wamefuata wauza maneno: jamaa fulani alianza na miche michache, leo ana nyumba na gari, nawe leta hela tukupandie. Kisa kina kila kitu, mtu, shida, uamuzi, ushindi, na msikilizaji anafungua pochi kabla hajafikiri. Kisa kimoja, hata kikiwa cha kweli, hakikuambii wangapi walipanda wakapata hasara. Kwa hiyo mtu akikusimulia ili utoe pesa, msikilize mpaka mwisho kwa adabu, kisha mwulize huyo jamaa anaitwa nani, shamba lake liko kijiji gani, alimuuzia nani mavuno ya mwaka jana, na lini mnaweza kwenda wote kuliona.