Je, wajua? Rosa Parks hakukaa kwenye siti ya wazungu

Wengi huamini kwamba tarehe 1 Desemba 1955, mjini Montgomery, Alabama, Marekani, Rosa Parks, mwanamke mweusi, alikaa kwenye siti za wazungu ndani ya basi, akagoma kuinuka kwa sababu kazi ya ushonaji ilikuwa imemchosha. Sivyo. Alikaa mahali aliporuhusiwa kabisa.

Basi lilikuwa na siti 36. Kumi za mbele zilikuwa za wazungu, hata zikiwa tupu na watu weusi wamesimama. Kumi za nyuma zilikuwa za weusi. Balaa lilikuwa katika zile 16 za katikati: mtu mweusi aliweza kukaa, lakini mpaka kati ya weusi na wazungu aliupanga dereva. Fikiria jirani mwenye ruhusa ya kung'oa jiwe la mpaka wa shamba kila anapotaka nafasi. Asubuhi unalima kwako, jioni unaambiwa umevamia. Na kwa kuwa weusi na wazungu hawakutakiwa kukaa safu moja, mzungu mmoja aliyekosa siti aliinua watu wanne.

Jioni ile dereva aliwataka wanne wa safu ya Parks wampishe mzungu, na watatu waliinuka. Parks alimpisha mwanamume wa dirishani atoke, kisha yeye akasogea dirishani akatulia. Sheria ya manispaa ilimtaka abiria ahame iwapo upande wake kuna siti tupu, na haikuwepo. Bado alikamatwa na kutozwa faini ya dola 10 na dola 4 za gharama.

Suala la uchovu nalo linampunja. Alikuwa na miaka 42, katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, na alijua fika kwamba mwezi Machi binti wa miaka 15, Claudette Colvin, alikamatwa kwa kosa kama hilo.

Kukamatwa kwa Parks kuliwafanya weusi wa Montgomery wagome kupanda mabasi. Ajabu zaidi, wagomaji hao wakiongozwa na Martin Luther King hawakuanza kwa kudai ubaguzi ufutwe. Walitaka weusi wajaze siti kuanzia nyuma, wazungu kuanzia mbele, na aliyekwisha kukaa asiinuliwe. Wakanyimwa hata hilo. Ndipo Februari 1956 wakili Fred Gray akaishtaki sheria yenyewe ya kutenganisha abiria, katika mahakama ya shirikisho, yaani ya taifa zima. Parks hayumo katika kesi hiyo, kwani yake ilikuwa mahakama za jimbo na ingeweza kukwama huko. Walioibeba ni Aurelia Browder, Susie McDonald, Mary Louise Smith na Colvin, aliyetoa ushahidi akiwa na miaka 16. Mahakama ya Juu ya Marekani iliwapa ushindi tarehe 13 Novemba, na mgomo ukaisha Desemba, baada ya siku 381.