Hiyo "de" kwenye majina ya Wafaransa sio lazima ukabaila

Wengi wanaamini Mfaransa mwenye "de" kwenye jina la ukoo basi katoka kwa makabaila, hapana aisee. "De" ni "wa" tu, kama vile Juma wa Tanga, hata mkulima aliweza kuwa nayo na makabaila wengine hawakuwa nayo kabisa. Dubois na Dupont yanatokea humohumo, wa msituni, wa darajani, majina ya kawaida mno.

Mcheki Honoré de Balzac yule mwandishi: baba yake alizaliwa Balssa, familia ya wakulima kusini mwa Ufaransa, akajibadilisha Balzac, "de" ikaja kupachikwa baadaye bila hati yoyote ya ukabaila (ujiko tu). Mwaka 1790 mapinduzi yalifuta ukabaila wa kurithi, ila majina yenye "de" yapo mpaka leo.