"Angekuwa Ulaya angetibiwa bure": tunachokosea kuhusu nani hulipa hospitali

Mwezi huu kundi letu la familia la WhatsApp limechanga mara mbili kwa ajili ya shangazi. Alitakiwa kulipia vipimo vyote kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Binamu akaandika: "Angekuwa Ulaya angetibiwa bure." Kauli hiyo nimeisikia tangu utotoni, na sio yeye peke yake anayeiamini.

"Ulaya matibabu ni bure." Ulaya ipi? Uingereza ilianzisha NHS, huduma yake ya taifa ya afya, tarehe 5 Julai 1948, na fedha zake nyingi hutoka kwenye kodi. Mgonjwa anaonana na daktari bila kugusa pochi, ila England watu wengi wenye kipato huchangia dawa wanazoandikiwa na huduma ya meno. Scotland na Wales dawa hizo hawalipi. Ndugu zetu wengi wanaokwenda huko kwa viza ya kazi hutozwa ada ya afya ya pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, tena kabla hawajapanda ndege. Ujerumani ni habari nyingine kabisa. Tangu enzi za kansela wao Bismarck, mwaka 1883, wana bima ya lazima inayoendeshwa na mifuko mingi. Asilimia 14.6 ya mshahara, pamoja na nyongeza ya kila mfuko, hukatwa nusu kwa mfanyakazi na nusu kwa mwajiri. Kwa hiyo wanalipa sana, ila wanalipa wakiwa wazima.

"Marekani serikali haichangii kitu." Inachangia mno. Tangu 1965 ina bima za serikali: Medicare kwa wazee na Medicaid kwa wenye kipato kidogo. Nchi nzima hutumia takriban asilimia 18 ya pato la taifa kwenye afya, na bado mamilioni hawana bima.

"Nisipougua, hela yangu ya bima imeliwa." Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu ndiyo inayotukwamisha hapa nyumbani. Hela yako haikuliwa: imemlipia mama aliyejifungua kwa upasuaji wiki ileile wewe ulipokuwa shambani. Kila mtu akisubiri augue ndipo akate kadi, mfuko unabaki na wagonjwa watupu. Tuliliona hilo kwa Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya hapa Tanzania. Kwa Sh 50,400 kwa mwaka mtoto alitibiwa, lakini wazazi wengi walimsajili akiwa tayari mgonjwa, na mwaka 2023 usajili wa mtoto mmojammoja ukasitishwa. Hasira ya wazazi naielewa, na hesabu ya mfuko naielewa pia.

Ndiyo maana nchi nyingi hulazimisha. Kenya, tangu Oktoba 2024, mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kwa bima ya afya na mwajiri haongezi kitu. Tanzania, mtumishi wa umma hukatwa asilimia 3 na mwajiri huongeza asilimia 3. Mzigo ni uleule wa matibabu. Walioubeba ndio tofauti.

"Bima kwa wote ni ya nchi tajiri." Rwanda si tajiri. Mituweli, bima yao ya afya ya kijamii, imefikia zaidi ya asilimia 80 ya wananchi. Kwa miaka mingi familia nyingi zilichangia faranga 3,000 kwa mtu kwa mwaka, na wale maskini kabisa wakalipiwa na serikali. Kwenye kituo cha afya mgonjwa alitoa faranga 200.

"Ukiwa na kadi umemaliza." Hapana. Kitanda cha pili kutoka kwa shangazi alilala mama mwenye kadi hai, jina lake limeonekana kwenye kompyuta bila tatizo. Dirisha la dawa wakamwambia dawa hiyo haipo, akanunue nje. Mwanawe alitoka getini saa mbili usiku na kikaratasi mkononi, akiulizia duka la dawa ambalo bado liko wazi.