Kahawa ya Shayiri, Vidonda vya Tumbo na Choo Cheusi: Maswali na Majibu

Wagonjwa wengi wanaofika kliniki wakilalamikia kiungulia na maumivu ya chembe ya moyo siku hizi hunieleza, kabla hata sijawauliza, kwamba wameshaacha kahawa na sasa wanakunywa shayiri iliyokaangwa. Kinywaji hicho sina ugomvi nacho. Ninachokipinga ni imani moja inayoandamana nacho, kwamba choo kikiwa cheusi ni rangi ya shayiri tu, ambayo imewaleta watu kwetu wakiwa wamebakiwa na damu kidogo sana mwilini.

Kahawa ya shayiri ni nini?

Ni punje za shayiri zilizokaangwa mpaka zikawa na rangi ya kahawia iliyokolea, kisha zikasagwa na kuchemshwa, au zikaachwa nzima na kulowekwa katika maji ya moto. Waitaliano huiita caffè d'orzo na huipika katika birika lile lile la kahawa, Wajapani huiita mugicha na huinywa baridi wakati wa joto, na Wakorea huiita boricha. Hapa pwani shayiri tumeizoea katika uji wa Ramadhani, kwa hiyo nafaka yenyewe si ngeni kwetu. Jihadhari dukani tu, kwa sababu jina la shayiri hupewa pia nafaka nyingine ile iliyopondwa bapa, inayouzwa kwenye makopo kwa ajili ya uji wa asubuhi, nayo siyo tunayoizungumzia.

Ni kweli kwamba haina kafeini kabisa?

Ndiyo. Kafeini ya kahawa, ile inayochangamsha mwili, hutoka kwenye buni, na shayiri haina buni. Weusi wake na harufu yake hutokana na moto, kama ukoko wa mkate unavyobadilika rangi tanurini. Kikombe cha kawaida cha kahawa, kile kikubwa cha nyumbani, huwa na kafeini ya miligramu 95 hivi, na hata kahawa iliyoondolewa kafeini hubakiwa na kiasi kidogo. Kwa hiyo mtu anayekosa usingizi, anayeenda mbio moyo kila akinywa kahawa, au mama mjamzito aliyeshauriwa asizidishe miligramu 200 za kafeini kwa siku, anaweza kunywa shayiri bila wasiwasi huo. Soma pakiti lakini, kwa kuwa baadhi ya michanganyiko inayouzwa ikiwa na picha ya shayiri huwa imetiwa kahawa ndani yake.

Nina vidonda vya tumbo. Nikiacha kahawa nikanywa shayiri, vitapona?

Havitaponeshwa na shayiri. Kahawa inaweza kuchochea kiungulia na kumwongezea mtu maumivu, na ukiiacha huenda ukapata nafuu, lakini kupata nafuu si kupona. Vidonda vingi vya tumbo husababishwa na mambo mawili: bakteria aitwaye Helicobacter pylori, na dawa za maumivu kama diklofenaki, aibuprofeni na aspirini. Jambo la bakteria huyu limejulikana tangu miaka ya 1980, kwa kazi ya madaktari wa Australia Barry Marshall na Robin Warren, ambao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bakteria hupimwa kwa choo, kwa pumzi, au kwa kamera inayopitishwa kooni, na mara nyingi hutibiwa kwa antibayotiki zaidi ya moja pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa siku 14. Siku 14 maana yake ni siku 14. Anayeacha dawa siku ya nne kwa sababu maumivu yametulia, kisha akajipongeza kwa kikombe cha shayiri, amemwacha bakteria hai na kumfundisha kuishinda dawa.

Tangu nianze kunywa shayiri choo changu ni cheusi. Si rangi ya kinywaji tu?

Hapana. Naomba jibu hili lisomwe mara mbili. Choo cheusi kama lami, chenye kung'aa, kinachonata na kutoa harufu mbaya isiyo ya kawaida, ni damu. Ni damu iliyovuja tumboni au katika sehemu ya mwanzo ya utumbo, ikasagwa njiani, na ndiyo maana haitoki ikiwa nyekundu. Kinywaji cha shayiri hakifanyi choo kuwa lami, na kahawa pia haifanyi hivyo. Damu ya mililita 50 hadi 100, ambayo haijai hata kikombe cha chai, yatosha kukibadilisha choo kiwe hivyo, kwa hiyo usingoje kuona damu nyingi.

Mwezi mmoja wa Ramadhani kijana alimleta baba yake, fundi seremala mwenye zaidi ya miaka 50, kwa bodaboda. Mkononi kijana alikuwa na mfuko wa plastiki wenye chupa ya unga wa shayiri iliyokaangwa, ameuleta ili tuone wenyewe kilichokipaka rangi choo cha mzee. Mzee alikuwa na siku nne za choo cheusi. Alihema alipokaa kitini kana kwamba amepanda ghorofa, viganja vyake vilikuwa vyeupe, na himoglobini yake, yaani kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa 5 tu. Aliongezewa damu, akatibiwa, akapona. Siku zile nne alizisubiri nyumbani kwa sababu kila aliyemuuliza kuhusu weusi ule alimjibu kwamba ni shayiri.

Vidonge vya madini ya chuma, ambavyo wajawazito wengi huvimeza, na dawa za mkaa, hukigeuza choo kuwa cheusi au cha kijani kibichi kilichokolea. Hilo ni kweli, lakini choo cha namna hiyo kwa kawaida hakinati wala hakinuki kama lami ile. Anayemeza vidonge hivyo na kuona mabadiliko amweleze muuguzi amtazame; asijiamulie mwenyewe.

Je, nisubiri siku mbili tatu bila shayiri nione kama rangi itabadilika?

Usisubiri hata siku moja. Kidonda kinachovuja hakikupi ratiba. Kinaweza kuvuja kidogo kidogo kwa wiki nzima, kikatulia, kisha kikapasua mshipa mkubwa usiku wa manane. Nimesikia sababu nyingi za kusubiri: ngoja nimalize shayiri iliyobaki, ngoja mshahara uingie, ngoja nijaribu kitunguu saumu. Zote zina mwisho mmoja: mgonjwa hufika akiwa ameshapoteza damu nyingi, na tunaanza kutafuta watu wa kumchangia wakati tungekuwa tumeshaziba kidonda. Choo cheusi kama lami ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Na mtu akitapika kitu kinachofanana na kahawa?

Ni jambo lile lile. Damu ikikaa tumboni hugeuzwa na asidi ikawa kahawia yenye chembechembe, kama mashapo ya kahawa. Wapo wanaosema mgonjwa ametapika shayiri aliyokunywa jioni, na kwa bahati mbaya inafanana kweli. Nyumbani huwezi kuzitofautisha kwa macho, kwa hiyo usihangaike kuzitofautisha, mpeleke.

Nimeacha kahawa ghafla na kichwa kinauma sana. Nimeze nini?

Maumivu hayo yana sababu: mwili uliozoea kafeini hulalamika ikikatwa, kwa kawaida kuanzia saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho, na maumivu yaweza kuendelea kwa siku kadhaa, hata wiki nzima. Wanywaji wa kahawa chungu wa barazani hulijua hili katika siku za mwanzo za saumu. Hapa ndipo madhara makubwa huanzia. Mtu mwenye vidonda ameacha kahawa ili alilinde tumbo lake, kichwa kinamuuma, naye ananunua dukani diklofenaki au aspirini na kuimeza tumbo likiwa tupu, mara mbili, mara tatu kwa siku. Ameliondolea tumbo kinywaji kinachokera, akaliingizia dawa inayochimba. Wiki ya pili choo ni cheusi, na lawama inaiangukia shayiri, ambayo haina hatia.

Punguza kahawa taratibu, kikombe kimoja kimoja kwa muda wa wiki moja au mbili, ukiweka shayiri mahali pa kila kikombe unachokiondoa. Kunywa maji ya kutosha. Kichwa kikizidi, parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa ndiyo salama zaidi kwa tumbo. Anayetumia aspirini kwa agizo la daktari kwa ajili ya moyo asiiache kwa uamuzi wake, bali amwambie daktari huyo kuhusu tumbo lake.

Nani hapaswi kunywa shayiri?

Mtu aliyeambiwa na daktari asitumie gluteni, kwa sababu shayiri inayo, sawa na ngano. Kwa mwenye kisukari, tatizo ni sukari inayotiwa ndani yake. Vijiko vitatu vya sukari katika kikombe kisicho na kafeini ni vijiko vitatu vile vile.

Nitaitayarishaje nyumbani?

Chagua na kuosha punje, zianike zikauke, kisha zikaange bila mafuta kwa moto mdogo huku ukikoroga bila kuacha. Zitoe zikiwa na rangi ya kahawia iliyokolea na zikinukia. Zikianza kutoa moshi na kuwa mkaa, zimeungua, na zilizoungua zitupe. Kijiko kimoja cha unga kwa kikombe, chemsha dakika kadhaa, chuja. Tangawizi kali na pilipili manga, tulivyozoea kutia, hazimfai mwenye kiungulia, iliki yatosha.

Nimeona choo cheusi sasa hivi, na ni usiku. Nifanye nini?

Nenda hospitali yenye huduma ya damu, usiku huo huo, na usiende peke yako wala usiendeshe chombo mwenyewe, kwa kuwa unaweza kuzimia njiani. Usile wala usinywe chochote mpaka utazamwe, hata maziwa ambayo wengi hudhani yanafunika kidonda, kwa sababu huenda ukahitaji kipimo cha kamera. Usimeze dawa yoyote ya maumivu. Tia katika mfuko mmoja vidonge vyote ulivyomeza mwezi huu, pamoja na vile vilivyonunuliwa dukani bila karatasi ya daktari, uje navyo. Ukifika mapokezi, neno lako la kwanza liwe kwamba unapata choo cheusi kama lami. Habari za tumbo kuuma na za shayiri utazieleza baadaye. Na ukiweza, njoo na ndugu wawili wenye afya wanaoweza kutoa damu.