Nyuzinyuzi zinazoyeyuka si fagio la tumbo

Nikimwambia mgonjwa aongeze nyuzinyuzi, mara nyingi hurudi wiki inayofuata akiwa ameshanunua pumba za ngano. Simlaumu. Tumezoea kusikia kwamba nyuzinyuzi ni fagio la tumbo, na pumba kweli zinafanana na kitu cha kufagilia. Lakini ziko nyuzinyuzi zinazoyeyuka kwenye maji, nazo hazifagii chochote. Wengi wanaonijia wanazihitaji hizo.

Ukitaka kuziona kwa macho, kata bamia. Ule ute unaovutika kati ya kisu na ubao ndizo zenyewe. Au chukua kijiko cha maganda ya mbegu za mmea wa ispagula (psyllium), yale mepesi kama makapi, uyakoroge kwenye maji nusu glasi kisha uyaache. Baada ya dakika chache maji huyaoni tena, umebaki uji mzito unaotikisika ukigusa glasi.

Ute wa namna hiyo ukifika kwenye utumbo mpana, ambako maji hufyonzwa, hauachii maji yake kirahisi. Kwa hiyo choo kilichokuwa kikitoka kigumu kama vigololi hulainika. Kwa mtu anayeharisha, ute uleule hushika maji yaliyozidi na kukipa choo umbo. Ndiyo maana mwenye choo kigumu na mwenye choo chepesi naweza kuwapa ushauri mmoja, na wote wawili wakadhani nimekosea.

Ispagula huweza hayo kwa sababu bakteria wa utumboni hawaimalizi. Nyuzinyuzi nyingine zinazoyeyuka, kama pektini ya matufaha na machungwa, betaglukani ya shayiri, au inulini ya vitunguu, wao huzila kwa pupa. Wakishakula hutoa asidi ndogondogo za mafuta, na mojawapo, butireti, ndicho chakula kikuu cha seli zinazotanda ukuta wa utumbo mpana. Mimi jambo hili sijawahi kulizoea: sisi wenyewe hatuna uwezo wa kumeng'enya nyuzinyuzi hizo, lakini ukuta wa utumbo wetu unalishwa na mabaki ya karamu ya bakteria. Karamu hiyo pia huzaa gesi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa.

Wapo watu ambao tumbo huwauma, hujaa, choo hubadilika kila siku, na vipimo havionyeshi kidonda wala uvimbe. Hawa ndio huumizwa zaidi na ushauri wa jumla wa "kula nyuzinyuzi". Mwaka 2009 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya wagonjwa 275 wa aina hii waliofuatiliwa kwa wiki 12. Waliopewa ispagula walipata nafuu kuliko waliopewa unga usio na dawa. Katika kundi la pumba, wengi waliacha mapema, hasa kwa sababu hali ilizidi kuwa mbaya. Kwa wagonjwa hawa naanza na ispagula, na inulini naiweka mbali kwanza, maana gesi yake huwatesa.

Anza na kidogo: kijiko kimoja kidogo cha ispagula kwa siku, kile cha chai, ukae nacho wiki nzima kabla ya kuongeza. Lengo la mtu mzima ni angalau gramu 25 za nyuzinyuzi za kila aina kwa siku, lakini hakuna sababu ya kulifikia kwa siku tatu. Ispagula inywe na glasi nzima ya maji, mara tu baada ya kuikoroga. Usiimeze kavu kamwe, kwani inaweza kuvimba na kukwama kooni. Mwenye shida ya kumeza asiitumie kabisa. Kama una dawa unazotumia, zipishanishe nayo kwa saa mbili, kwa sababu ute huo unaweza kuzichelewesha kufyonzwa.

Na ukiona damu kwenye choo, au unapungua uzito bila kujinyima, weka kijiko chini uende kwa daktari kwanza.