Kuni kavu si kuni ambazo hazijanyeshewa

Wiki iliyopita mama mmoja anayekaanga maandazi huku Pasua, mjini Moshi, alinirudishia kuni. Zilikuwa kwenye guta, zimelowa chapachapa, kwa sababu mvua ilimkuta kijana wangu njiani. "Mangi, leo umeniletea kuni mbichi," akasema. Sikubishana, mteja ni mteja. Nikampa nyingine. Jioni ileile nikapita kwa mwenzangu wa biashara hii, ambaye ametundika kibao kimeandikwa KUNI KAVU ZIPO. Chini ya turubai lake ulikuwa umelala mgrevilea uliokatwa Kibosho siku tisa zilizopita. Najua ni tisa kwa sababu lori lake na langu yalipakia siku moja.

Basi mmoja ameita mbichi kilicho kikavu, mwingine ameita kavu kilicho kibichi, na kuni za yule mama, nilizozianika kwenye uzio, kesho yake mchana zilikuwa zinawaka vizuri tu. Mgrevilea wa mwenzangu hautawaka hivyo mpaka miezi ipite.

Maana yenyewe ni fupi. Kuni kavu ni kuni ambazo maji yaliyokuwa ndani ya mti ulipokuwa hai yameshatoka, yakabaki kama sehemu moja kati ya tano ya uzito wake au chini ya hapo. Mvua haimo humo.

Kosa, nadhani, linatoka kwenye lugha yetu zaidi kuliko kwenye kuni. Tazama neno kavu lilivyoundwa. Lina mkia wa -vu, mkia uleule wa tulivu, legevu, potevu na bivu. Aliyetulia ni mtulivu, kilicholegea ni kilegevu, tunda lililoiva ni bivu. Mkia huo hutaja hali inayopatikana baada ya kitendo kumalizika. Kavu ni kile ambacho kimekauka, yaani kilianza safari na kikafika. Mbichi halina kitendo nyuma yake. Hakuna kubichika. Mbichi ni hali ya kabla safari haijaanza, ndiyo maana tunalitumia kwa vitu ambavyo safari zake hazifanani hata kidogo: ndizi mbichi safari yake ni kuiva (au kuingia kwenye mtori kabla haijaiva), nyama mbichi safari yake ni jiko, na samaki tunaambiwa tumkunje angali mbichi kwa sababu akishakauka atavunjika. Ni neno la kale sana. Waganda nao wana bisi yao, na kuni zao ni enku, kama Wazulu walivyo na izinkuni na Washona na huni. Watu wa Kibantu wamekuwa wakilalamikia kuni mbichi tangu kabla hawajaachana njia.

Sasa tafuta sifa ya kitu kilicholowa. Utahangaika. Tuna kitenzi, kulowa, na tunasema kimelowa. Tuna chapachapa na chepechepe, ambazo ni za kusindikiza tu. Tuna majimaji na nyevu. Lakini sifa moja safi iliyozoeleka ya kusimama upande wa pili wa kavu, kwa maana ya kilichomwagikiwa maji, hatuna. Kwa hiyo tukaazima mbichi. Mama anaita kutoka ndani, "Nguo bado mbichi, msizianue," na hakuna anayemuuliza nguo hizo zilikatwa lini. Kwenye nguo haina madhara, kwa sababu maji ya nguo yote yametoka ndoo moja. Kwenye kuni kuna maji ya aina mbili, nasi tumeyapa jina moja.

Kavu nalo limechoshwa na kazi za pembeni. Chai kavu ni chai isiyo na kitafunwa. Macho makavu ni ya mtu asiye na haya. Bandari kavu haina bahari. Neno likishazoea kumaanisha "pasipo kitu fulani", ni rahisi kuni kavu zigeuke kuni pasipo mvua.

Turudi kwenye maji. Mti ni furushi la mirija midogo isiyoonekana kwa macho. Maji mengine yamo ndani ya mirija, mengine yameshikwa na kuta zake. Ya ndani ya mirija huondoka kwanza, na yakiondoka ukuni haubadiliki umbo, unapungua uzito tu. Ya ukutani ni mabishi, na yanapoanza kutoka ndipo ukuni unaponywea na kupasuka nyufa kama miale ya jua kwenye kichwa cha gogo. Mvua ya njiani haigusi mirija hiyo kwa maana kubwa. Inalowesha ngozi ya juu, na jua la Moshi la siku moja au mbili linaiondoa. Sizungumzii kuni zilizoachwa nje masika nzima kuanzia Machi hadi Mei bila paa. Hizo zinanywa maji, na mwisho zinaoza.

Hapa naomba uvumilivu kidogo kwa hesabu, maana ndipo pesa ilipo. Chukua gogo bichi la kilo 100, ambalo nusu yake ni maji: kilo 50 maji, kilo 50 mti. Likaushe mpaka maji yawe asilimia 20 ya uzito wake. Mti bado ni kilo 50, haukwenda popote. Maji sasa ni kilo 12.5. Gogo zima ni kilo 62.5. Kilo 37.5 zimepanda hewani, na kama uliuziwa gogo lile kwa mzani likiwa bichi, umelipia kilo hizo kwa bei ya kuni. Ndiyo maana kuni zetu huuzwa kwa fungu, kwa guta na kwa tripu ya Canter, na mimi mtu akija na mzani humwuliza kwanza kuni zilikatwa lini.

Tena kuna asilimia za namna mbili, nazo zimewagombanisha watu wazima. Maji ya gogo lile lililokauka ukiyapima dhidi ya uzito wote ni asilimia 20. Ukiyapima dhidi ya mti mtupu, 12.5 kwa 50, ni asilimia 25. Ukuni uleule. Vile vipimo vidogo vya kuchomeka misumari miwili, ambavyo vimeanza kuonekana kwa wanunuzi wa taasisi, kwa kawaida hutumia hesabu ya pili, ile ya mafundi mbao. Kwa hesabu hiyo gogo bichi letu ni asilimia 100, na nimeshuhudia mhasibu akicheka akidhani kifaa kimeharibika. Kifaa kilikuwa sawa, ila kilichomekwa kwenye ganda la nje. Pasua ukuni kwanza, kisha pima pale palipopasuka.

Jambo jingine ambalo wauzaji wenzangu hawapendi nilitaje: kukauka hakuongezi moto ndani ya mti. Kilo moja ya kuni za asilimia 20 hutoa megajuli 14 na kidogo (megajuli ni kipimo cha nishati), na kilo ya zile zenye nusu maji hutoa kama 8, hivyo kwa kilo tofauti ni kubwa. Lakini gogo ni lilelile. Piga hesabu ya gogo zima na utakuta bichi lina takriban megajuli 800 na kavu kama 890. Pengo ni moto uliotumika kuchemsha zile kilo 37.5 za maji. Sehemu kubwa ya hasara ya kuni mbichi iko kwingine. Moto unapoa, gesi zinazotoka kwenye mti zinakimbia kabla hazijaungua, zinapanda kama moshi mweupe na kuganda kuwa masizi. Mpishi analia machozi, sufuria haichemki, anaongeza kuni, moshi unazidi.

Kwa haki, kitu chenye maji huweza kuungua kikipata tanuri lake. Kiwanda cha sukari cha TPC, kule Arusha Chini (ambayo licha ya jina iko Moshi), huchoma makapi ya miwa yanayotoka kwenye kinu yakiwa na maji karibu nusu ya uzito, kikapata mvuke na umeme. Lakini wao wana tanuri la kiwanda. Mama wa maandazi ana mafiga matatu. Na pumba za mpunga kutoka mashamba ya Mabogini na Chekereni, ambazo wengine tunachanganya kwenye mkaa mbadala, hazina shida hii kabisa kwa sababu mpunga hukaushwa hadi kama asilimia 14 kabla ya kukobolewa. Pumba zinafika kwangu kavu kuliko kuni yoyote niliyowahi kuuza.

Kuna maana ya tatu ya kuni kavu, nayo ni ya watu wa mlimani, siikosoi. Juu ya vihamba, yale mashamba ya nyumbani ya Wachagga, kuna ule ukanda wa msitu wa nusu maili, uliotengwa 1941 ili wanavijiji wawe na mahali pa kupata miti na kuni, na ambao pamoja na msitu uliobaki umeingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro tangu 2005. Bibi wa kule akisema ameokota kuni kavu, hasemi lolote kuhusu maji. Anasema hakukata. Mti ulikufa wenyewe au tawi lilianguka. Ni neno la kujitetea mbele ya askari wa hifadhi, na lina uzito wake. Tatizo linaanza neno hilo likishateremka hadi mjini na kuwa sifa ya bidhaa, kwa sababu mti uliokufa umesimama mara nyingi huwa mkavu matawini na bado una maji kwenye shina, na tawi lililolala kwenye ukungu wa msituni huweza kuwa limekufa na limejaa maji kama sifongo.

Najua pia biashara yenyewe inasinyaa. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehamia huko ifikapo 2034, na shule kubwa zimeanza kuniaga moja moja. Sina ugomvi nao. Ila miaka iliyobaki ningependa kuuza kitu kinachoitwa kwa jina lake.

Kwa hiyo mwenzangu wa kibao, ndugu yangu, kuni zako si mbaya. Ni mbichi tu. Zipasue, zipange juu ya vipande vya kuzinyanyua kutoka chini, acha pembeni wazi ili upepo upite, turubai lifunike juu peke yake, maana ulivyozifunga gubigubi umezitengenezea bafu. Mimi mgrevilea uliopasuliwa naupa miezi mitatu ya jua, na wingu la Julai silihesabu. Mpaka hapo andika KUNI ZIPO, inatosha, wanaozihitaji watauliza. Ukitaka kujua kama zimefika, gonga mbili pamoja: kavu inalia kwa mlio mkali, mbichi inajibu kwa kishindo kizito kisicho na mwangwi. Au pasua moja na uweke upande wa ndani shavuni. Ukihisi ubaridi, bado.

Nawe mama, ulikuwa na haki ya kurudisha. Siku nyingine kijana akikuletea za namna ile mwambie zimelowa, nami nitajua nizibadilishe au nikupunguzie bei uzianike mwenyewe. Ukiniambia ni mbichi nitaanza kumgombeza aliyenikatia, na safari hii hakuwa na kosa.