Moto wa njano sio gesi mbaya: tunayoyaamini kuhusu kusafisha jiko la gesi

Moto ukianza kuwa wa njano na masufuria yakaanza kushika masizi, kitu cha kwanza utakachosikia ni gesi imechakachuliwa, au mtungi unaisha, basi mtu anabadilisha mtungi na jiko linaendelea vilevile. Jamani, mara nyingi shida haiko kwenye mtungi kabisa, iko kwenye kichomeo, kile kichwa chenye vitundu kinachotoa moto. Gesi inapochomoka kwenye nozeli, yaani kile kidude chenye tundu dogo kinachopuliza gesi kwenye kichomeo, inakuwa na kasi, na kasi hiyo ndo inavuta hewa ya nje iingie nayo kwenye kibomba cha kichomeo, vinachanganyika humo humo kabla ya kufika kwenye vitundu. Mchanganyiko ukiwa sawa moto unakuwa wa bluu. Vitundu vikiziba kwa mafuta na uji uliofurika, hewa inayovutwa inapungua, gesi haiungui ikaisha, hapo ndo unapata njano na yale masizi, ambayo kumbe ni kaboni ya gesi yako mwenyewe uliyoilipia, imeishia kwenye tako la sufuria badala ya kupika.

Na mtu anakwambia mbona sisikii harufu yoyote, basi jiko liko salama. Hapana. Ile harufu kali tunayoijua imewekwa kwenye gesi makusudi ili ikivuja ujue, lakini moto usioungua vizuri unatoa kaboni monoksaidi, na hiyo haina harufu wala rangi na inaua. Kwa hiyo kusafisha vitundu sio urembo wa jiko.

Ila sio kila rangi inayotokea ni uchafu. Ukifagia jikoni jiko likiwa linawaka, au maji ya chumvi yakamwagikia motoni, utaona rangi ya machungwa inarukaruka kwenye moto alafu inapotea, hilo ni vumbi na sodiamu ya kwenye chumvi, liache. Wasiwasi uwe pale njano inapokaa, kila siku, hasa kwenye ncha za moto.

Sasa kuna hii ya "jiko langu linang'aa, nalifuta kila siku". Kufuta juu ni vizuri lakini moto hautoki juu ya bati. Funga mtungi, subiri jiko lipoe, inua kile kifuniko cha kichomeo ukielekeze kwenye mwanga wa dirisha, yaani hapo utaona baadhi ya vitundu vinapitisha mwanga na vingine ni vyeusi tii. Ingiza sindano kwenye kimoja cheusi, izungushe kidogo, kwenye karatasi nyeupe uliyotandika chini itadondoka chembe ngumu nyeusi kama chembe ya pilipili manga iliyosagwa, na hiyo moja tu ilikuwa imeziba njia nzima. Endelea hivyo mpaka vyote vipitishe mwanga.

Nimesema sindano, au waya mwembamba, sio kijiti cha kuchokonolea meno. Kijiti kinaonekana ni salama kwa sababu ni laini, lakini kikikatikia ndani umeziba kabisa tundu uliyokuwa unalizibua, na kukitoa ni kazi. Stilwaya nayo inaacha nyuzi ndogondogo ndani ya vitundu zinakuja kushika kutu.

Lakini hiyo sindano isiwe nene, kwa sababu kuna imani mbaya zaidi kwamba ukitanua vitundu moto utakuwa mkali. Hii naomba watu waiache kabisa. Nozeli za majiko mengi ni za shaba nyeupe, ni laini, na tundu lake kwa gesi ya mtungi kwa kawaida halifiki hata milimita 1, limepimwa lipitishe gesi kiasi ambacho hewa inayovutwa itatosha. Ukilitanua gesi inazidi hewa, unarudi kule kule kwenye njano na masizi, na safari hii hakuna kusafisha kutakakosaidia mpaka ununue nozeli nyingine. Na vitundu vya kichomeo ukivitanua, mchanganyiko unatoka polepole mno mpaka moto unaweza kurudi ndani na kuwaka kwenye kibomba, unasikia unapasuka pah.

Alafu bekingi soda na siki. Watu wanamwaga vyote pamoja, povu linafoka, wanafurahi wanaona uchafu unatoka, wakati siki ni asidi na bekingi soda ni kinyume chake, zikikutana zinauana, lile povu ni kaboni dayoksaidi tu na kinachobaki ni maji yenye chumvichumvi ambayo hayafanyi chochote kwa mafuta yaliyoungua. Tumia kila kimoja kivyake. Siki kwa ule ukoko mweupe unaoachwa na maji magumu, bekingi soda ikorogwe na maji kidogo iwe nzito, paka, acha kama dakika 20, sugua na mswaki wa zamani. Na mafuta yenyewe dawa yake ni maji ya moto na sabuni ya vyombo, pamoja na kuyapa muda yalainike, sio kusugua kwa hasira dakika mbili. Blichi usiiguse hapa, ikikutana na siki inatoa klorini, sumu ya mapafu.

"Weka dawa kali ya oveni, itatoka yote." Dawa nyingi za namna hiyo zina kostiki soda, na vichomeo vingi ni vya aluminiamu, na kostiki inaila aluminiamu. Inageuka nyeusi, inachimbika vishimo, haing'ai tena. Sabuni ya mashine ya kuoshea vyombo nayo inaweza kuifanya nyeusi.

Kumwagia maji kichomeo kikiwa bado cha moto, usifanye, chuma cha kalibu kinaweza kupasuka na enameli inabanduka. Na ukishaosha kikaushe kweli, kipindue, kikung'ute, kiache mpaka vitundu vikauke, maana watu wanarudisha kikiwa na maji alafu jiko linagoma kuwaka au linatoa tak tak tak bila kukoma, wanadhani wameliharibu, kumbe ni unyevu umekaa kwenye kile kijiti cheupe cha cheche. Kipanguse kwa upole, ni kauri, kinavunjika. Hakikisha pia kifuniko kimekaa kwenye nafasi yake sawasawa, kikikaa upande moto unakuwa mrefu huku na mfupi kule.

Jiko lililofungiwa stoo miezi mingi nalo sio safi kisa halijatumika, buibui wanapenda kujenga kwenye vile vibomba na utando kidogo tu unatosha kuzuia hewa. Chungulia kabla hujawasha.

Mwisho kama uliondoa regyuleta wakati wa kusafisha, usipime uvujaji kwa kiberiti hata kama umeona watu wakifanya hivyo miaka yote. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini sakafuni na kukusanyika bila wewe kuiona. Paka povu la sabuni kwenye maungio, fungua mtungi, angalia. Mapovu yakianza kuvimba pale, funga mtungi, fungua milango na madirisha, usiguse swichi ya taa, na mwite fundi.